UZI: Wasanii wa Kisumu, Kakamega na Nakuru, hii mitandao imeifanyia nini kazi yetu?

Brashi ya Dunga (mleta uzi)

Habari zenu wadau. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka auwekee alama arudi jioni.

Mimi ni mchoraji hapa Kisumu. Naandika mabango ya maduka, nachora mashua za wavuvi pale Dunga, na mfuko ukiruhusu nanunua kanvasi nachora ya moyoni. Kwa muda sasa kila nikikaa na watu wa sanaa, awe mpiga picha, awe kijana wa muziki wa ohangla, awe dada anayesuka vikapu vya magugu maji, mazungumzo yanaishia pale pale: wamechoshwa na mitandao. Kazi bado wanaipenda. Kilichowachosha ni kuamka kila asubuhi wakiwaza leo wataposti nini.

Wengi wakilalamika wanataja pesa. Suala la pesa ni la kweli, nitalifikia. Lakini linaloniuma mimi ni lingine na halisemwi vya kutosha: mitandao imeingia ndani ya kazi yenyewe ikaigeuza.

Chukueni mashua. Mbao mpya hupigwa msasa kwanza, mpaka ukipitisha kiganja usikutane na kibanzi. Halafu rangi ya chini, inasubiriwa ikauke kabisa, msasa mwepesi tena, rangi ya juu, ndipo unanyoosha uzi wenye chaki upate mstari na kupanga herufi. Jina la mashua ni fahari ya mwenyewe, watu wa ufukweni hulitambua chombo kikiwa bado mbali, kwa hiyo herufi haiyumbi. Ni kazi ya siku kadhaa, na sehemu yake kubwa haina cha kuonyesha mtu. Sasa kuna kijana anayejifunza kwangu, mkono wake ni mzuri ajabu. Akaanza kurekodi video. Akaona watu wanatazama pale brashi inapopita tu, msasa wanauruka. Basi naye akaanza kuuruka. Mashua aliyoichora hivyo ilipata watazamaji kwa maelfu, na kabla masika haijaisha rangi ilikuwa inabambuka magamba magamba, mwenye mashua amesimama ufukweni anadai hela yake. Kijana huyu si mvivu hata kidogo. Alifuata kile alichoona kinasifiwa.

Wala si mashua peke yake. Wanamuziki siku hizi wanaanzia kwenye kiitikio, maana ukianza na orutu (ile fidla ya Kijaluo ya uzi mmoja) peke yake ikijitafuta polepole, msikilizaji ameshapita. Washairi wanakata shairi litoshe kwenye kioo cha simu. Mpiga picha, mtu aliyechagua kazi ya kukaa nyuma ya kamera, anaambiwa asimame mbele yake acheze.

Na kuna watu walioamua hivyo. Instagram ilipoanza mwaka 2010 ilikuwa ya picha, na aliyekufuata aliziona kwa mfuatano wa saa ulizoziweka. Mwaka 2016 wakaanza kuuacha mfuatano huo, mashine ikawa ndiyo inayopanga nani aone nini. Mwaka 2021 mkuu wake, Adam Mosseri, akasema waziwazi kwamba hiyo si programu ya picha tena, wanaelekea kwenye video kwa sababu ya ushindani wa TikTok na YouTube. Julai 2022 wapiga picha na hata mastaa wa Marekani walipiga kelele mpaka baadhi ya mabadiliko yakarudishwa nyuma. Mwelekeo lakini ulibaki ule ule. Mtu aliyekusanya wafuasi kwa picha miaka yote hiyo akajikuta amepewa kazi nyingine ambayo hakuiomba.

Cory Doctorow, mwandishi mzaliwa wa Kanada, ameeleza mwendo huu vizuri. Mtandao huanza kwa kuwapendeza watumiaji. Wakishanaswa, unawageukia wenye matangazo na kuwapendeza hao, watumiaji wakiumia. Mwisho pande zote mbili zikishakosa pa kwenda, unajilimbikizia wenyewe. Ukitazama ukurasa wako wa Facebook, ambako sasa unaombwa ulipe ndipo watu waliochagua kukufuata waone ulichoandika, utajua tuko hatua gani.

Halafu kuna kupotea kabisa. Vine ilianza 2013, ikazaa wachekeshaji wa video za sekunde sita, na Oktoba 2016 Twitter ikatangaza inaifunga. Machi 2019 ikajulikana kwamba MySpace imepoteza muziki uliopakiwa kati ya 2003 na 2015, inakadiriwa nyimbo zaidi ya milioni 50, zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Kuna bendi ambazo nakala yao pekee ilikuwa pale. Twitter yenyewe ikanunuliwa na Elon Musk Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, mwaka uliofuata ikawa X, na jamaa wengi waliokuwa na wasomaji pale walipotezana nao.

Na 2024 ikaja ya akili mnemba. Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ilipowaarifu watu wa Ulaya kwamba machapisho yao ya wazi yatatumika kuifunza mashine yake, wao walau walipewa fomu ya kupinga, kwa sababu sheria za kwao zinalazimisha. Wachoraji kwa maelfu wakakimbilia Cara, programu ya kuonyeshea kazi za sanaa iliyoanzishwa na mpiga picha Jingna Zhang, ikafurika ndani ya siku chache. Sisi huku tuliendelea kuposti. Mimi kazi yangu ya kanvasi siiweki tena nzima. Naweka kipande, kona moja tu, anayeitaka yote aje aione.

Pesa sasa. TikTok ilipoanzisha mfuko wa kuwalipa watu wake mwaka 2020, ulikuwa wa Marekani, kisha ukaongezwa nchi chache za Ulaya. YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, ndipo upate mgao wa matangazo. Facebook, iliyoanza 2004, ilibidi tungoje hadi Machi 2024 ndipo Nick Clegg, wakati huo mmoja wa wakuu wa Meta, aje Nairobi na itangazwe kwamba Wakenya wanaotimiza masharti wataanza kulipwa. Miaka ishirini! Na serikali ilishatangulia mlangoni: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio (inayokatwa kabla hela haijakufikia) ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya dijitali, na pendekezo la awali lilikuwa 15.

Nasikia mtu akisema, bila mitandao nani angetujua? Ndugu zangu, muziki wa benga ulitoka huku kwetu Nyanza ukafika Zimbabwe miaka ya 70 kwa sahani za santuri. Phares Oluoch Kanindo alikuwa akizisambaza, na watu wa kule wakauita muziki wenyewe kanindo, wapiga gitaa wao wakajifunzia hapo. Sisemi wanamuziki wa enzi hizo walilipwa haki yao, la. Nasema kazi ilisafiri ikiwa nzima, utangulizi wake na gitaa lake la mwisho linalokimbia, bila mtu kuikata ili itoshe.

Mimi sijafunga akaunti. Nilichofanya ni kuishusha cheo. Kuwa na wafuasi elfu kumi kwenye mtandao ni sawa na kuwa na kibanda kizuri kando ya barabara: siku tingatinga likija, huna hati ya kuonyesha. Kwa hiyo kila anayenunua kwangu namwomba ruhusa nimwandike jina na nambari kwenye daftari (ruhusa ni lazima, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina mchezo na matangazo yasiyoombwa). Nikiwa na kazi mpya natuma ujumbe mfupi. Na yule kijana nimemwambia arekodi akitaka, ila baada ya rangi kukauka.

Leteni maoni. Hasa wasiokubaliana nami.

Lenzi ya Nakuru

Mleta uzi, heshima yako. Mimi sikubali yote.

Wewe una barabara. Bango lako mwenyewe linakutangazia, mtu anapita Kondele anauliza nani kaandika hili. Mimi napiga picha za harusi Nakuru. Harusi hufanyika Jumamosi moja, watu wanatawanyika, na picha zinaenda kwenye albamu ya ndani. Bila Instagram, bi harusi wa mwezi ujao angeniona wapi? Wateja wangu karibu wote wameingilia hapo. Waliposema video, nikajifunza video, na sasa nauza picha pamoja na video kwa bei ya juu. Fundi hubadilika na soko. Studio za picha za zamani zilikuwa na pazia lililochorwa ndege na maua nyuma ya mteja, nani analililia leo?

Ila hapo kwa kazi yenyewe kugeuka, umenigusa. Zamani nilikuwa naamka alfajiri naenda ziwani Nakuru, nakaa kwenye baridi nisubiri korongo wapae pamoja, pengine nirudi bila picha hata moja. Siku hizi siendi. Nilidhani ni uzee au familia. Nikikusoma naona ni kwamba picha ya namna ile, ikikaa kimya, haionekani na mtu, na mimi taratibu nikaacha kuitaka.

Ngoma ya Shinyalu

Wakubwa, shikamooni. Niko upande wa Kakamega, tunacheza ngoma ya isukuti, ile yenyewe ya jamii za Isukha na Idakho ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Langu ni hili. Kikundi chetu kilipiga kwenye sherehe ya mzee mmoja, tukarekodi kwa simu, ngoma zote tatu zinasikika vizuri, ya mama, ya baba na ya mtoto, na pembe juu yake. Tukapakia kwenye mtandao mmoja mkubwa. Kesho yake video haina sauti. Ujumbe unasema sauti ni mali ya mtu mwingine. Kufuatilia, kumbe kuna mtu aliyechukua sauti ya video yetu ya zamani, akaitia kinanda chini, akaisajili kama wimbo wake. Mashine inalinganisha sauti na ghala la rekodi zilizosajiliwa. Haijui babu wa nani alipiga kwanza, inajua nani alijaza fomu kwanza. Tukakata rufaa, majibu yakaja ndani ya muda mfupi sana, hata mtu hangekuwa amesikiliza mpaka mwisho. Imekataliwa.

Wazee walituuliza, huyo mtu ni wa ukoo gani? Tukakosa la kujibu.

Mama Vikapu

Mwanangu Brashi, umesema kweli. Mimi kila siku naulizwa "bei gani" na watu hamsini, nikijibu wananyamaza. Nikituma picha, wiki hiyo hiyo naona picha yangu kwenye ukurasa wa mtu mwingine, anauza kikapu ambacho hajawahi kukishika, akipata oda anakuja kwangu apunguziwe. Nimesuka tangu magugu yalipokuwa yanaonekana laana tu kwa ziwa letu. Hiyo ya daftari nitaifanya. Lakini ujumbe mfupi unalipiwa, si WhatsApp ni nafuu?

Kijana wa Kondele

Omera, pole kwa yaliyokupata, lakini mimi lazima niseme upande wa pili kwa nguvu zangu zote.

Juni 2024. Maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Nani alitafsiri ule mswada kwa Dholuo, Kiswahili na lugha zingine ili nyanya yangu aelewe mkate wake utatozwa nini? Vijana kwenye TikTok na X. Nani alichora zile katuni na mabango tuliyobeba hapa mjini? Watu ambao hakuna jumba la sanaa lingewafungulia mlango. Mchoro ulichorwa usiku, asubuhi uko Kisumu, Nakuru, Eldoret na Mombasa kwa pamoja. Tarehe 25 intaneti ikasumbuliwa nchi nzima, na kesho yake Rais akasema mswada hatausaini. Santuri za Kanindo zilichukua muda gani kufika Zimbabwe?

Ile ilikuwa sanaa, na ilikuwa ya haraka kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la haraka. Naomba wakubwa wetu msituambie kila kitu cha simu ni chepesi. Watu walikufa wakiwa wamebeba yale mabango.

Brashi ya Dunga (mleta uzi)

Nawajibu kwa ukubwa wa jambo, si kwa kufuatana.

Kijana wa Kondele, umesema jambo kubwa na nalipokea kwa uzito wake. Juni ile nami niliandika mabango, kwa brashi, usiku, na picha zake zilizunguka kwa simu. Pale mtandao ulifuata watu. Watu walikuwa na la kusema, wakatumia kilichokuwepo. Ninacholalamikia ni siku zile nyingine zote, ambapo huna la kusema leo, una kazi nusu iliyo mezani inayohitaji utulivu, na mtandao unakutaka useme hivyo hivyo, usiposema unakuficha. Kasi yenu ya Juni mliichagua wenyewe.

Lenzi, sitabishana na mtu juu ya chakula cha watoto wake. Kaa pale, uza. Lakini nina ombi, kama ndugu. Rudi ziwani alfajiri moja. Usiiposti. Ichapishe kwa karatasi nzuri, mimi nitakuwa mteja wa kwanza, bei utaniambia wewe.

Mama, WhatsApp ni nafuu, na wengi tutaitumia, ila tukumbuke nayo ni ya Meta, kampuni ile ile. Nambari ikiwa kwenye karatasi yako, hata kesho WhatsApp ikianza kulipisha utapiga simu ya kawaida na mteja atapokea. Anza na watu waliokulipa tayari. Majina yao yako kwenye ujumbe wa M-Pesa, lakini piga simu uombe ruhusa kwanza, usiwatumie tangazo ghafla. Na kwenye kila kikapu funga kikaratasi chenye jina lako na nambari, kwa uzi wa magugu hayo hayo. Hata yule mchuuzi akikiuza, kikapu kitamleta mteja kwako.

Mama Vikapu

Kikaratasi atakitoa huyo.

Brashi ya Dunga (mleta uzi)

Kweli mama. Basi tusuke herufi za jina ndani ya kikapu chenyewe, kwenye kitako. Nitakuchorea mpangilio wake, njoo uuchukue Kibuye Jumapili ukija sokoni.

Karani Msomi

Nimefuatilia kimya, naingia kwa ajili ya Ngoma ya Shinyalu tu, kwa sababu suala lake lina mlango wa kisheria na watu hawaujui.

Rekodi yenu ile, yaani sauti mliyoirekodi siku ile kwa simu, ni mali yenu chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Mnaweza kuisajili na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, na maombi hufanywa mtandaoni. Cheti hicho kina uzito kuliko maelezo matupu mnapokata rufaa. Tunzeni pia faili la kwanza kwenye simu iliyorekodi, msilifute, maana lina tarehe ndani yake.

Isukuti yenyewe, ngoma na uchezaji wake, si mali ya mtu mmoja, na hapo hakimiliki ya kawaida haiwatoshi. Lakini tuna Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016. Inasema mali hiyo ni ya jamii, na serikali ya kaunti ndiyo yenye jukumu la kuweka rejista yake. Nendeni ofisi ya utamaduni ya kaunti yenu mkiwa na wazee, mkiwa mmeandika: ngoma zinaitwa nani, zinachongwa kwa mti gani, zinapigwa kwenye hafla zipi, na ni akina nani wanaoruhusiwa kufundisha. Msiende kijana mmoja mmoja. Ofisi huwasikiliza wazee.

Ngoma ya Shinyalu

Karani, Mungu akuzidishie. Sehemu ya "akina nani wanaoruhusiwa kufundisha" itazua mjadala mkali Isukha na Idakho, nakuambia mapema. Swali moja: wale wazee wawili wanaozijua zote hawataki kurekodiwa kabisa, wanasema simu imeshatuibia mara moja. Maelezo yao kwa mdomo, mimi nikaandika, yanakubalika?

Karani Msomi

Andika. Wasomee ulichoandika kwa lugha yao, wakikubali waweke sahihi au dole gumba, na shahidi asaini chini. Mengine ofisi itawaambia. Waheshimu kwa hilo la kurekodiwa.